Mpishi Asiyenusa na Bata Mzinga wa Siku ya Pili

Saa mbili na robo asubuhi, siku moja baada ya sikukuu, mama mmoja mfupi, mnene kiasi, anasimama kwenye mlango wa jiko la watu. Hata viatu hajavua, anauliza swali lake la kwanza.

"Jana bata aliingia friji saa ngapi?"

Mwenye nyumba, karani wa benki ambaye usingizi bado haujamtoka machoni, anamtazama mumewe. Mume anatazama dari.

"Kama saa kumi hivi," anasema karani.

"Hivi ndiyo ngapi, mwanangu? Mlimaliza kula saa ngapi?"

"Saa tisa kasoro. Nakumbuka kwa sababu wageni wa kwanza waliaga saa tisa."

"Na alikatwa vipande, au aliingia mzima mzima kama bwana harusi?"

"Alikatwa. Si ulituagiza kwenye simu?"

"Haya. Sasa tunaweza kusalimiana. Hamjambo humu ndani?"

Ndivyo anavyoianza kazi Mama Mzinga. Jina lake la cheti wanalijua wachache. Kwa wengine wote yeye ni huyo huyo: mpishi wa bata mzinga, anayeingia nyumba za watu siku ya sikukuu kumchoma ndege, na kurudi kesho yake kushughulika na kilichobaki.

Ananawa mikono hadi viwikoni, anafunga aproni yenye mifuko mitatu. Wa kwanza una kipimajoto chenye ncha kama sindano, wa pili kalamu ya wino mzito, wa tatu utepe wa kubandika. Kisha anafungua friji na kutoa bakuli moja moja, kila moja akiliulizia habari zake.

Bakuli la nne lina mkate wa viungo uliojazwa tumboni mwa bata. Anaambiwa lilibaki mezani mpaka jua likazama, ndipo mtu akalikumbuka.

"Hili linakwenda," anasema.

"Linakwenda wapi?" anauliza mama mkwe wa karani, bibi wa makamo ambaye amekuja jikoni kuhakikisha hakiharibiwi kitu.

"Kwenye pipa, mama."

"Jamani! Chakula kizima hiki? Mbona hata hakinuki?"

"Mama yangu, kwangu mimi hata zizi la ng'ombe halinuki."

Jiko zima linaangua kicheko. Wanadhani ni mzaha wa mpishi. Si mzaha. Mwanamke huyu wa miaka hamsini na minne, anayeishi kwa kupikia watu, hajanusa kitu chochote kwa miaka sita: si kitunguu kinachokaangwa, si moshi, si mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Anaendelea kufanya kazi huku akisimulia. Mikono yake haisubiri mdomo.

Kazi hii aliianza miaka ishirini na miwili iliyopita, na aliianza vibaya. Wakati huo alikuwa mfagiaji kwenye kantini ya kiwanda cha sabuni. Mwisho wa mwaka, meneja alileta bata mzinga watatu walioganda kama mawe kwa ajili ya karamu ya wafanyakazi. Asubuhi ya karamu mpishi hakutokea. Meneja aliangaza macho kantini nzima, akamwona yeye na ufagio wake.

"Nilimwambia najua, na wala sikuwa najua," anasema. "Nilifikiri ni kuku tu aliyekula vizuri. Nikawachoma vile vile, nje wamekuwa weusi, ndani wana barafu. Nikawarudisha motoni. Walipotoka, kidari ulikuwa unakitafuna kama unga wa mbao."

Msimamizi mmoja wa mitambo alitafuna, akatafuna, akatoa tonge mdomoni na kulitazama. "Huyu mama," akatangaza, "ametupiga mzinga." Wafanyakazi walicheka hadi machozi. Kufikia jioni kiwanda kizima kilikuwa kinamwita Mama Mzinga.

Wengine wangeona haya wasikanyage tena jikoni. Yeye aliondoka na mifupa ya wale ndege watatu katika ndoo, akaichemsha nyumbani, na alipoonja ile supu akakaa kitako. "Nikajiambia, kumbe utamu wake wote ulikuwa humu humu, mimi ndiye niliyemkausha."

Mwaka uliofuata aliomba apewe kazi ile tena. Safari hii aliwayeyusha barafu siku tatu ndani ya friji, akawalaza kwenye maji ya chumvi usiku kucha, akawachoma taratibu huku kidari kimefunikwa. Yule msimamizi wa mitambo alirudi na sahani mara mbili. Jina halikubadilika, ila namna ya kulitamka ilibadilika.

Kutoka kantini akaitwa nyumbani kwa meneja, kutoka kwa meneja kwa majirani zake. Baada ya miaka kumi akaacha ufagio. Msimu mmoja aliwahi kuchoma ndege kumi na wanne katika nyumba kumi na moja.

Lakini anasema si kuchoma kulikomjengea jina. "Kuchoma kila mtu atajifunza. Shida ya watu ni kesho yake. Wanafungua friji, wanaona mlima wa nyama kavu, wanaanza kupigana na sandwichi siku nne. Siku ya tano wanatupa, tena wanashukuru."

Huku akisema hivyo, mikono yake imeshamaliza kumchambua ndege wa karani. Nyama nyeupe ya kidari iko bakuli moja, nyama nyeusi ya mapaja bakuli jingine, ngozi pembeni, mifupa kwenye sufuria. Hakuna kisu alichotumia isipokuwa kwenye viungo vya mabawa. "Kisu hakijui mfupa mdogo uko wapi," anasema. "Kidole kinajua."

Miaka sita iliyopita alipata mafua makali yaliyomlaza wiki mbili. Homa ikaisha, kifua kikaachia, nguvu zikarudi. Siku moja alikuwa jikoni kwake akikaanga vitunguu na kuzungumza na mumewe, fundi cherehani ambaye cherehani yake iko chumba cha mbele. Mume akapiga kelele kutoka huko: "Bibie, unachoma nyumba?"

Alitazama chini. Vitunguu vilikuwa makaa. Alikuwa amesimama juu yake, mwiko mkononi.

"Nilichukua chupa ya siki nikaiweka puani. Hakuna. Nikachukua sabuni. Nikachukua soksi za Fundi," anasema, na hapo anatabasamu kidogo. "Soksi za Fundi zisiponuka, ujue kuna tatizo."

Daktari alimwambia mishipa ya harufu imeumia. Huenda ikapona, huenda isipone, na hakuna dawa ya kumpa ila mazoezi na subira. Ulimi wake ulibaki na chumvi, sukari, uchachu, uchungu na ukali wa pilipili. Mengine yote yanayokifanya chakula kiwe chakula yalizimika.

Alifanya kosa ambalo hadi leo analiita kosa lake, bila kumsingizia mtu. Alinyamaza. Aliogopa kwamba mpishi asiyenusa ni sawa na dereva asiyeona, na kwamba watu wakijua, simu itakaa kimya. Mumewe alijua. Alimwomba aseme, yeye akajibu, "Mikono yangu inakumbuka." Kwa miezi minne ilikumbuka kweli. Hakuna aliyegundua.

Kisha ikaja sikukuu, na nyumba ya Mwalimu.

Mwalimu ni mkuu wa shule mstaafu, mjane, mteja wake wa miaka mingi. Mwaka ule alikuwa na watu kumi na tisa nyumbani. Miongoni mwao kulikuwa na kaka yake wa miaka themanini na mitatu aliyetoka hospitali juzi yake, na mjukuu wake wa kike mwenye mimba ya miezi minane.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Alasiri, kabla ya kuondoka, Mama Mzinga alichemsha mifupa kwenye sufuria kubwa, akaifunika na kuiacha juu ya jiko ipoe. Friji ilikuwa imejaa vinywaji, na akawaomba watu wa nyumba waiingize wakipata nafasi. Hakuna aliyeiingiza. Usiku ule ulikuwa wa joto, na sufuria kubwa iliyofunikwa hukaa vuguvugu saa nyingi sana.

Asubuhi aliporudi aliikuta pale pale. Zamani angefungua mfuniko na kujua mara moja. Sasa alifungua, akaona supu nzuri yenye rangi ya dhahabu, akawasha moto, akatia karoti, nyama na ndimu mbili.

"Niliionja," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mikono yake inasimama. "Ulimi uliniambia kuna uchachu. Nikajijibu mwenyewe: ni ndimu."

Mabakuli yalikuwa yamepangwa. Watu walikuwa wameshakaa. Yule mzee wa miaka themanini na mitatu alikuwa ameshafungwa kitambaa shingoni. Ndipo Fundi akaingia kwa mlango wa jikoni, gauni la Mwalimu alilokuwa amelipunguza kiuno likining'inia mkononi, akasimama ghafla.

"Nini kinanuka hivi?"

"Wapi?"

Alisogea hadi kwenye sufuria, akainama, akarudi nyuma. Akamtazama mkewe, akashusha sauti. "Bibie, hii imechacha. Imeoza kabisa hii."

Mama Mzinga akayatazama mabakuli. Alikuwa na upawa mkononi, na bakuli la kwanza lilikuwa limeshajazwa.

Mlango wa kwenda sebuleni ulikuwa umefungwa. Angeweza kumwaga supu kwenye sinki, akatoka na sahani za nyama baridi, akasema gesi imekwisha. Fundi mwenyewe alikuwa ameshashika sufuria amsaidie. Nani angejua?

"Nilimwambia, iache hapo hapo. Nikafuta mikono, nikaenda sebuleni. Nikamwangalia yule binti mwenye mimba. Nikasema: Mwalimu, supu imeharibika na mimi sikujua. Sikujua kwa sababu sina pua. Ni mwezi wa nne sinusi kitu, na nimewaficha. Naomba mnisamehe."

Shemeji mmoja wa Mwalimu akaweka kijiko mezani. "Kwa hiyo jana tumekula chakula cha mtu asiyenusa?"

"Na ulikula sahani tatu, shemeji," Mwalimu akamjibu bila kugeuka. Lakini hakucheka. Alimwambia Mama Mzinga akapumzike nyumbani, wangezungumza baadaye.

Hakuna aliyeugua siku ile, maana hakuna aliyeonja. Hata hivyo habari ilitembea haraka kuliko gari la wagonjwa. Nyumba tisa zilikuwa zimeshamwita kwa ajili ya sherehe za miezi iliyofuata. Nane zilijiondoa, nyingine kwa simu ya heshima, nyingine kwa ujumbe wa maneno mawili. Ile ya tisa haikupiga kabisa.

Kwa miezi saba alikaa chumba cha mbele na mumewe akishona vifungo. Anasema alishona zaidi ya elfu mbili, sare za shule tupu. Jikoni alikuwa akiingia kama mgeni. Alipika kwa sababu lazima watu wale, basi. Fundi anakumbuka kwamba hata kuimba aliacha. "Cherehani ndiyo iliyokuwa inaongea humu ndani," anasema.

Mwezi wa nane, Mwalimu alibisha hodi. Alikuwa na mkoba, na ndani ya mkoba kulikuwa na daftari.

"Jumamosi nataka bata mzinga," alisema. "Mdogo, wa watu sita."

"Mwalimu, unanijua nilivyo."

"Najua. Ndiyo maana nitakaa na wewe jikoni mwanzo mpaka mwisho. Utaniambia kila unachokifanya, na umejuaje kwamba ndicho. Ukisema 'nilinusa', nakukata maksi."

Jumamosi ile Mwalimu aliketi kwenye kigoda cha jikoni, miwani puani, akiandika. Mama Mzinga akaona ajabu: mambo mengi aliyodhani anayajua kwa pua, kumbe aliyajua kwa njia nyingine. Paja likiiva, mguu hucheza kwenye kiungo ukiushika. Mafuta yakianza kuungua hubadili sauti, kutoka kuchemka kuja kutatarika. Ngozi iliyokauka vizuri hulia ukiigonga kwa kucha. Palipokosekana jibu, Mwalimu aliacha mstari mtupu na kupiga alama ya kuuliza.

Mistari mitupu ilikuwa saba, na ndiyo waliyoifanyia kazi. Kwa kuiva, wakanunua kipimajoto: ncha ndani kabisa ya paja bila kugusa mfupa, nyuzi sabini na nne, si chini ya hapo, na chakula kinachorudishwa motoni nacho vivyo hivyo. Kwa kuharibika, wakaamua kwamba saa ndiyo hakimu. Chakula kilichokaa nje zaidi ya saa mbili hakijadiliwi. Supu haipoi tena kwenye sufuria kubwa. Inagawanywa kwenye vyombo vipana, vinakalishwa kwenye sinki la maji ya barafu, inakorogwa, inaingia friji. Kila chombo kinabandikwa siku na saa.

Ofisa afya mmoja, aliyekuja kumsikiliza akieleza kanuni hizo, alimwambia jambo lililompa nguvu kuliko yote. Vijidudu vingi vinavyolaza watu hospitali havina harufu wala ladha. "Akaniambia, mama, wenye pua ndio wanaodanganyika. Wananusa, wanasema kizima, wanakula."

Alipiga moyo konde akarudi kazini, na safari hii hakuficha kitu. Kila anayempigia simu anaelezwa kwanza kuhusu pua, ndipo wanazungumza habari za ndege. Wapo wanaokata simu. Mwaka wa kwanza zilibaki nyumba tatu. Mwaka huu ni kumi na saba, na katika nyumba tano kati ya hizo wenyewe wanachoma na kumwita yeye siku ya pili tu. Karani wa benki ni mmoja wao.

Jikoni kwa karani sasa ni saa tano. Mifupa imeokwa dakika ishirini hadi imekuwa kahawia, kisha ikachemka na karoti, kitunguu na pilipili manga. Nyama nyeupe haijaguswa na moto. Mama Mzinga ameilaza kwenye chombo kipana, anaimwagia supu inayotokota kidogo kidogo, anafunika, anachoma kipimajoto, anasubiri namba yake, anaitoa. Ukiishika inateleza.

Nyama nyeusi ameiponda na viazi vilivyobaki, akatia yai, akatengeneza katlesi bapa za kukaanga, kumi na nane. Ngozi ameikausha kwenye kikaango mpaka imekuwa kama vigae, akaivunjavunja juu ya wali.

Kabla ya kupakua anamwita mama mkwe. "Mama, njoo unifanyie kazi ya pua."

Hii nayo ni kanuni. Katika kila nyumba anachagua mtu mmoja wa kunusa na kuonja, na mara nyingi anamchagua anayemshuku zaidi. Bibi anainama juu ya sufuria, anavuta pumzi, anafumba macho.

"Haya, niambie. Inasemaje?"

"Inanukia... kama kitu kilichokaa jua la asubuhi." Bibi anafikiri. "Pilipili manga imezidi kidogo."

"Imezidi kweli, au unanionea?"

"Kidogo tu, mwanangu."

Mama Mzinga anaongeza kikombe cha maji, anamwomba anuse tena. Bibi anaitikia kwa kichwa. Dakika kumi baadaye yuko mezani na katlesi ya tatu, na la bakuli lililotupwa pipani halizungumzwi tena.

Je, hakuna siku anaikumbuka harufu? "Ya oveni ikifunguliwa. Zamani ilikuwa inanipiga usoni nikajua kazi imetiki. Sasa linanipiga joto tu." Anakausha meza kwa kitambaa, anaongeza: "Lakini zamani nilikuwa nawaangalia ndege. Siku hizi nawaangalia watu. Mtu akiingia mlangoni na chakula kiko tayari, pua yake inafanya hivi" — anaonyesha, pua ikipanda na kope zikishuka — "nami najua. Hiyo ndiyo harufu yangu."

Daktari amemwambia mazoezi ayaendeleze, na kila asubuhi anafungua vichupa vinne vya harufu kali na kuvuta pumzi juu ya kila kimoja. Hakuna kilichorudi. Haweki matumaini yake huko.

Ameyaweka kwenye sikukuu ijayo. Katika miaka ishirini na miwili hajawahi kula siku ya kwanza na watu wake. Fundi na binti yao walizoea kumsubiri kesho yake, wakala kilichobaki cha nyumba nyingine. Binti sasa ameolewa, ana watoto wawili, na katika simu mmoja wao aliuliza kama bibi ana meza kwake au anapikia za watu tu.

Kwa hiyo ameshawaambia wateja wote kumi na saba, akiwemo Mwalimu: siku ya kwanza mwakani wamchome ndege wenyewe. Atawafundisha kwa simu wiki nzima wakitaka, na siku ya pili atapita nyumba moja moja kama kawaida. Mwalimu alijibu kwamba atakuja kula kwake, na kwamba ataleta kigoda.

Kilichobaki ni oveni. Ya kwake ni ndogo, ya kuokea mikate miwili. Wiki iliyopita Fundi alipiga magoti mbele ya oveni hiyo na futi ya kushonea, akapima upana, kimo na kina kama anayempima mteja suti, akaandika namba kwenye karatasi. Mama Mzinga ameikunja karatasi hiyo na kuiweka kwenye pochi, aende nayo kwa mfugaji.

"Nitamwambia anitafutie ndege wa vipimo hivi," anasema akivua aproni. "Akizidi, Fundi atampunguza kiuno."